Siku za Kitandani Hazihesabu Waliobaki Nyumbani

Kila mwisho wa mwezi muuguzi wa wodi huketi na daftari lake akajumlisha. Ni wagonjwa wangapi walilazwa? Kila mmoja alilala siku ngapi? Jumla hiyo ndiyo siku za kulazwa. Wodi yenye vitanda 20, kwa mwezi wa siku 30, ina nafasi ya siku 600. Zikitumika 480, basi vitanda vimetumika kwa asilimia 80. Hesabu kama hiyo husaidia kuamua wapi paongezwe vitanda, wauguzi na dawa.

Hatuipingi hesabu hiyo. Tunachosema ni kwamba peke yake haitoshi kupima haja ya matibabu katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo. Tazameni: siku 480 zaweza kuwa za wagonjwa 120 waliolala siku 4 kila mmoja, au za wagonjwa 40 waliolala siku 12. Jumla ni ile ile, lakini habari ni mbili tofauti. Huenda wale 40 walikawia kuja, wakafika wamezidiwa. Huenda wengine wamepona, ila wanangoja ndugu wapate nauli au fedha za kulipia matibabu.

Tuchukue kifua kikuu. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi nchini walilazwa miezi 2 ya mwanzo ili wasimamiwe matibabu. Siku hizi wengi humeza dawa nyumbani huku ndugu akiwasimamia. Siku za kulazwa zimepungua. Je, ugonjwa umekwisha? Haujaisha. Kilichobadilika ni mahali pa kutibiwa.

Tukumbuke pia mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kama mji. Mashirika yalifungua hospitali kambini, na wenyeji nao walikwenda kutibiwa huko. Mtu aliyesoma daftari la hospitali moja tu ya wilaya asingeweza kujua ukubwa wa haja iliyokuwapo. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, lakini malaria, uzazi mgumu na utapiamlo havikuvuka mpaka pamoja nao.

Kubwa zaidi ni wale wasiofika kabisa. Mama anayeanza uchungu usiku wa mvua, mbali na barabara, haandikwi popote asipofika. Mzee anayeogopa gharama hunywa mizizi, akanyamaza. Kitanda kitupu si ushahidi kwamba kijiji kizima ni kizima. Kimya cha mgonjwa si afya.

Kwa hiyo twatoa maoni haya matatu:

1. Hospitali ziandike, pamoja na siku za kulazwa, mgonjwa ametoka kijiji gani, aliugua siku ngapi kabla ya kuja, na kwa nini hajaondoka kama amekwisha ruhusiwa. Kijiji kisichoonekana daftarini kitembelewe. Kisisifiwe.

2. Jumuiya ndogondogo zijue wagonjwa wao. Jumuiya inapokutana, iulizwe: nani mgonjwa ambaye hajafika zahanati, na nini kimemzuia? Majibu yafikishwe kwa mganga wa zahanati au kwa kamati ya afya ya kijiji, ila kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa kumtunzia siri.

3. Familia ziweke akiba ya nauli na matibabu mapema, hasa baada ya mavuno. Mtoto mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo. Akiwahi kupimwa na kupewa dawa, huenda asilazwe kabisa, na kitanda kikabaki kwa aliye taabani.

Hesabu za hospitali ni mali yetu sote, kwani kwazo rasilimali hugawanywa. Tusikubali zihesabu waliolala wodini tu, na kuwasahau waliolala mkekani nyumbani.