Haki ya Mgonjwa Si Sadaka



Katika vijiji vyetu wako watu waliotoka nyumbani wakiwa na nguvu, wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, machimboni, viwandani au katika maduka ya mjini, na sasa wamerudi. Hawakurudi kwa uzee. Wamerudishwa na kisukari, au moyo, au figo, au kupooza upande mmoja. Ukimwuliza mmoja wao, "Kazi yako ilikwishaje?" atakujibu, "Niliona siwezi tena, nikaaga." Kuaga tu! Hakuuliza neno, hakudai kitu. Sasa analishwa na ndugu zake, na mkewe ameuza mbuzi wa mwisho kwa ajili ya dawa.

Leo tuzungumze habari za watu hawa, maana wengi wao wana haki inayowangoja nao hawaijui. Wengine waijua, lakini waona haya. Wadhani kudai ni kuomba. Sivyo. Aombaye hutaka cha mwenzake. Adaiye hutaka chake.

Tufanye hesabu kidogo. Hapa Tanzania mfanyakazi wa kampuni au wa mtu binafsi huandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ndio NSSF. Kila mwezi mchango ni asilimia 20 ya mshahara: kwa kawaida nusu hukatwa kwake, na nusu hutolewa na mwajiri. Tuseme mtu alipata shilingi 300,000 kwa mwezi. Alikatwa 30,000, mwajiri akaongeza 30,000. Kwa miaka minane tu, mchango umefika shilingi 5,760,000. Je, mwenye kuchangia hivyo akienda kuuliza fungu lake, ataitwa mwombaji?

Wazee wataikumbuka NPF, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ile ilikuwa akiba: mtu alilipwa fungu lake mara moja, basi. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha NSSF mahali pake, na tangu hapo mwanachama aweza kulipwa pensheni mwezi kwa mwezi, si kwa uzee tu, bali hata ugonjwa ukimshinda kabla ya uzee. Watumishi wa serikali wao wana mfuko wao, PSSSF, tangu mwaka 2018.

Basi mtu afanyeje ugonjwa ukimkalia mwilini na kazi ikaanza kumshinda? Jambo kubwa ni kufuata hatua kwa mpangilio. Wengi hukosa kwa sababu wameanza na hatua ya mwisho.

Kwanza, usitie sahihi upesi barua ya kuacha kazi. Pengine msimamizi atakuambia kwa upole, "Andika tu kwamba umeacha, ukapumzike nyumbani." Maneno ni matamu, lakini aliyeacha kwa hiari yake si sawa na aliyeachishwa kwa sababu ya ugonjwa. Mwajiri hawezi kumwondoa mgonjwa kama atupavyo jembe lililovunjika. Imempasa kutazama ugonjwa wenyewe, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama iko kazi nyepesi awezayo kumpa. Ukiondolewa bila haki, peleka shauri lako katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalia sana: siku zilizowekwa ni 30 tu tangu ulipoachishwa. Ukingoja mpaka mavuno, mlango umefungwa.

Pili, dai likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatoa siku 126 katika kila miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara mzima, na siku 63 za pili nusu mshahara. Lakini lazima uwe na cheti cha daktari. Mtu alalaye nyumbani bila cheti, hata kama anaumwa kweli, huhesabiwa mtoro. Kwa hiyo nenda hospitali mapema, eleza kila kitu, nawe uombe maandishi. Mficha maradhi kilio humfichua.

Tatu, likizo ikiisha nawe hujapata nguvu, uliza NSSF habari za pensheni ya ulemavu. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu ya jina lenyewe. Mtu husema, "Mimi si mlemavu, nina miguu miwili na mikono miwili. Mimi ni mgonjwa wa figo." Ndugu yangu, ulemavu unaotajwa hapa ni kupoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia riziki, iwe kwa ajali au kwa ugonjwa wa mwili au wa akili. Madaktari ndio wapimao.

Masharti mengine ni haya: uwe hujafika miaka 60, na uwe umechangia miezi 180, ambayo ni miaka 15. Kama hukufika huko, iwe umechangia angalau miezi 36, na katika hiyo miezi 12 iwe ile iliyotangulia ulemavu wako. Yule wa miaka minane tuliyemtaja asema, "Miezi 36 ninayo, tena na zaidi." Ni kweli. Lakini kama aliaga kimya kimya, akakaa kijijini miaka miwili bila mchango, ndipo akaenda kudai, ataulizwa: ugonjwa ulikuzuia kazi tangu lini? Asipokuwa na cheti cha siku zile alipokuwa bado kazini, atathibitishaje? Mwenzake aliyeumwa vile vile, lakini akaondoka na karatasi zake mkononi, analo jibu. Na asiyetimiza masharti ya pensheni asikate tamaa. Aulize kama anastahili malipo ya mkupuo.

Nne, jiulize ugonjwa umetoka wapi. Aliyevuta vumbi la mawe machimboni miaka mingi mpaka mapafu yakaharibika, au aliyedhuriwa na dawa za kazini, ana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndio WCF, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mfuko huu mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Mwajiri peke yake ndiye achangiaye. Mwambie daktari kazi uliyoifanya na vitu ulivyovishika, maana asipojua ataandika kikohozi tu, nawe utakosa haki kwa neno moja.

Pia wako waajiri wanaomkata mfanyakazi lakini fedha hazifiki katika Mfuko. Mtu hugundua akiwa tayari kitandani. Basi ninyi mlio wazima, msingoje kuugua. Nendeni NSSF mara kwa mara mkaulize taarifa ya michango yenu, mwezi kwa mwezi. Mkiona pengo, semeni wakati mngali na nguvu za kusimama kwenye foleni.

Sasa neno kwa kina mama. Mara nyingi mgonjwa hawezi kusafiri wala kujieleza, hasa aliyepooza. Mke ndiye atakayefunga safari. Kwa hiyo awe anajua mumewe anafanya kazi kwa nani, na namba yake ya uanachama ni ipi. Tafuteni bahasha moja au sanduku dogo, mtie humo mkataba wa kazi, hati za mshahara, kadi za hospitali, kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na kile cheti cha ndoa mlichopewa siku ya arusi. Msikiache kikaliwa na mchwa. Mwanachama akifariki, mjane na watoto wanaweza kuwa na haki ya mafao ya urithi, nao wataulizwa karatasi hizo hizo. Baba asiyetaka mkewe ajue mambo ya kazi yake hajui kwamba anawafungia watoto wake mlango.

Na mkulima, mvuvi, fundi au mwenye genge, asiye na mwajiri? Yeye pia aweza kujiandikisha NSSF kwa hiari na kuchangia mwenyewe. Si lazima awe na fedha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini aanze akiwa mzima, maana miezi 36 hainunuliwi kwa siku moja.

Kama kijijini kwenu yuko mtu aliyerudi mgonjwa, msimpelekee uji tu. Mwulizeni: Ulifanya kazi wapi? Uliandikishwa? Cheti cha daktari unacho? Ajuaye kusoma amsomee barua zake. Mwenye baiskeli au pikipiki amfikishe mjini. Msaada wa namna hii waweza kumpa chakula cha miaka.