Mulango ni wetu, funguo iko kwa mwingine



Kila siku tunadai usalama, barabara na umeme. Leo niongelee mulango mwingine: pale programu inakuandikia "Ingia kwa Facebook" ao "Ingia kwa Google".

Ukibonyeza pale, programu inapiga hodi kwa ile kampuni: naomba ruhusa nimutambue huyu mutu. Kampuni ndiyo inakubali ao inakataa. Njia ya kupigia hodi wanaiita API. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, fundi analala inje.

Mimi nilimaliza univerisite, kazi hakuna. Na rafiki yangu wa Beni tulitengeneza programu kadogo ya wanafunzi kugawana masomo. Asubui moja, maombi yote ya kuingia yakakataliwa. Kampuni moja kubwa, sitaitaja, ilibadilisha masharti. Ikadai karatasi za kampuni yenye kuandikishwa. Sisi tuko na diploma tu. Wanafunzi wakazani tumewatoroka.

Siseme masharti yote ni mabaya. Mwaka 2018, kisha kashfa ya Cambridge Analytica, Facebook yenyewe ilikubali kwamba habari za watu hadi milioni 87 huenda zilitolewa bila haki. Ikakaza API yake: programu zenye kuomba habari nyingi zikapewa mpaka tarehe 1 Agosti 2018 kujipeleka kwenye ukaguzi. Kulinda watu ni haki. Lakini karatasi yenye kampuni ya California inatoa kwa siku moja, kijana wa Butembo anaikimbilia miezi.

Basi tufanye nini?

Sisi wenye kutengeneza, tuombe kile tunahitaji tu. Jina likitosha, acha orodha ya marafiki. Tena tuweke kila mara njia ya pili ya kuingia, yenye iko yetu: imeili na neno la siri.

Na serikali? Tangu Machi 2023 inchi iko na Code du numérique. Sheria kwenye karatasi haitoshi. Tunadai kijana aandikishe kampuni yake kwa bei anaweza, bila kutoa makuta chini ya meza.

Ukiacha funguo ya nyumba yako kwa jirani, siku akisafiri utalala inje. Tumelala inje vya kutosha.