Mnataka Motisha ya Nani?

Mwaka jana kampuni moja kubwa hapa Nairobi ilinipa kibarua. Nihoji wafanyakazi kumi, kila mmoja aseme ni nini kinamsukuma kutunza mazingira akiwa kazini, halafu niandike aya mbili tamu za kuweka kando ya picha yake. Pesa ilikuwa nzuri, nikakubali. Sijifanyi malaika hapa.

Tisa walinirudishia yale waliyoambiwa kwenye semina. Wanapenda miti. Wanawaza vizazi vijavyo. Wa kumi alikuwa mama wa idara ya ununuzi. Nilipomuuliza motisha yake, aliniangalia kama nimemtusi.

"Kijana, mimi naishi Dandora. Ule moshi mtoto wangu analala nao. Juzi nimepita kando ya jaa nikaona zile nailoni tunafungia katoni, ziko na jina letu, zinachomwa. Sasa unaniuliza motisha?"

Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975. Lilitangazwa kuwa limejaa 2001. Malori bado yanaingia. Mama huyu hakuhitaji semina. Alikuwa ameshaandika kurasa tatu akieleza jinsi wauzaji wanaweza kuleta mzigo kwa kreti zinazorudishwa, badala ya nailoni ya kutumia mara moja na kutupa. Kurasa hizo zilikuwa mezani kwa bosi wake kwa miezi saba, kwa sababu kreti zinakula pesa mwanzoni, na bonasi ya bosi inapimwa kila robo mwaka.

Niliandika hivyo. Ikarudi imekatwa. Dandora ikawa "mtaa anakoishi", moshi ukawa "changamoto za kimazingira", na hasira yake, ambayo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, ikawa "shauku".

Ndio maana hili swali la motisha linanikera. Kampuni ikitaka mauzo, haimwambii mtu wa mauzo atafute msukumo ndani ya roho yake. Inampa shabaha na kamisheni, na akizembea anaonyeshwa mlango. Kwani ni mazingira tu yanayoendeshwa kwa hisia? Ukiona kazi imeachiwa moyo wako, jua imenyimwa bajeti.

Watu wa semina wanapenda sana kumtaja Ray Anderson. Mwaka 1994, huyu mwenye kampuni ya mazulia ya Interface huko Marekani alisoma kitabu cha Paul Hawken, kikamchoma, akaamua kugeuza kampuni nzima. Ni kweli, na mimi namheshimu. Lakini bana, alikuwa mwanzilishi na mkurugenzi mkuu! Moyo wake ukichomeka usiku, asubuhi anatoa amri. Mama wa ununuzi akichomeka, anatuma barua pepe na kungoja.

Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, hakuna aliyeuliza supermarket kama zina shauku. Kulikuwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Tukaanza kubeba vikapu. Najua kuna mifuko bado inapenya mpakani, na sheria bila watu wa kuisukuma hulala. Ile ya usimamizi wa taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikishakuwa taka, lakini ni wangapi ofisini kwako wameifungua?

Kwa hivyo msee wangu uliyeajiriwa juzi kwenye ghorofa la vioo, ukiambiwa utafute motisha, usifumbe macho kujichungulia ndani. Toka nje ufuate lori la taka la kampuni yako, angalau mara moja, uone linamwaga wapi na nani anaokota. Ukirudi, tafuta mtu wa fedha akuonyeshe nailoni inakula pesa ngapi kwa mwaka. Na usiende kwa bosi peke yako. Mmoja ni rahisi kumpa fulana na kumpiga picha.

Ripoti ilitoka, karatasi nzito inayong'aa. Yule mama yuko ukurasa wa katikati, fulana ya kijani, meno yote nje. Nilimtumia picha ya ukurasa huo kwa WhatsApp. Akajibu jioni: "Wameniweka nikicheka. Zile kurasa zangu bado ziko pale mezani."