Tarehe 12 Februari Nani Anawaimbia?



Kila tarehe 11 Februari, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Tangu mwaka 2021 tunayo pia Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Dominika ya nne ya Julai, aliyotuachia Baba Mtakatifu Fransisko. Siku hizo makao ya wazee na wodi zetu hufurika wageni. Kuna sabuni, sukari, mchele, kwaya ndani ya sare mpya, na mwishoni picha ya pamoja. Tarehe 12 Februari nani anawaimbia?

Sisi waseminari wa falsafa, ambao wengi wetu tulilelewa na kwaya za parokia kabla ya kulelewa na seminari, tunaona kwamba kumwimbia mgonjwa na mzee ni kazi ya kwaya yenyewe. Isihesabiwe kama safari ya mwaka.

Wapo wanaopinga. Wanasema kwaya imewekwa kwa ajili ya liturujia, na wagonjwa waachiwe WAWATA, Karitas na masista. Hoja hiyo si ya kudharau. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, unauweka muziki mtakatifu ndani kabisa ya liturujia na kutaka kwaya ziendelezwe kwa bidii. Lakini liturujia hiyohiyo inavuka mlango wa kanisa. Mgonjwa anapopelekewa Komunyo Takatifu au Mpako wa Wagonjwa, ni kusanyiko lilelile linalomfuata kitandani. Kwa nini sisi tupokee kwa wimbo na yeye apokee kimya?

Mtakatifu Augustino anatusaidia hapa. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anasimulia jinsi nyimbo za Kanisa la Milano zilivyomliza. Katika kitabu cha kumi anajichunguza, akihofu kuguswa na sauti kuliko na kile kinachoimbwa. Hofu hiyo ingezifaa kwaya nyingi zinazofanya mazoezi miezi sita kwa ajili ya uzinduzi wa video. (Hatupingi kurekodi, nyimbo njema zisikike.) Lakini wodini hakuna kipaza sauti wala wa kupiga vigelegele, na mwimbaji hujua upesi anaimba kwa ajili ya nani.

Kisha kuna suala la kuimba nini. Mzee aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 18 hati ile ilipotolewa. Utoto wake wote kanisani alisikia Kilatini. Utenzi mpya wenye kinanda cha mbio haumfikii. Wanaowauguza wazee waliopoteza kumbukumbu wanajua kwamba nyimbo za ujanani mara nyingi hubaki hata majina ya watoto yakishatoweka. Wakati wa likizo tuliongozana na vijana wa kwaya moja kwenda kwa wazee. Bibi mmoja alituuliza mara nne sisi ni watoto wa nani. Ilipoanzishwa Salve Regina aliimba mpaka mwisho, na vijana ndio waliobaki wakiguna, maana maneno hawakuyajua. Safari iliyofuata wasichana wawili walikwenda na daftari, wakakaa miguuni pake, akawa mwalimu wao.

Hapo ndipo malezi ya vijana yanapoingia. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anasema mdundo na ulinganifu wa sauti huzama ndani kabisa ya roho ya kijana, na kwa sababu hiyo elimu ya muziki ina nguvu kuliko nyingine. Yeye alihangaika na swali la tuni zipi zifundishwe. Sisi tungeongeza swali la nani anaimbiwa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, au anayeendesha bodaboda mchana na kufika mazoezini jioni amechoka, mara nyingi huhesabiwa kwenye kwaya kama sauti tu. Akikosa wiki tatu, tunasikia, “Tena imepungua.” Hatusikii, “Yuko wapi? Anakula nini? Amepatwa na nini?” Tumewaona vijana wakiondoka kwa njia hiyo, bila ugomvi, bila mtu kuwagongea mlango. Aliyezoea kuingia wodini na kuona kitanda cha jana kiko wazi, akauliza mgonjwa yule kaenda wapi, ataona pia kiti kitupu cha mwenzake mazoezini. Jicho ni lilelile.

Utaratibu wenyewe hauhitaji kamati kubwa. Waende sita au wanane, siyo arobaini, mara moja kwa mwezi, mtu mzima mmoja kwa kila vijana wawili. Muuguzi wa zamu aulizwe kwanza. Ngoma zibaki parokiani, na simu mfukoni, kwani mgonjwa aliyelala kwa shuka la hospitali hakuomba kuonekana mtandaoni. Kitanda cha pili huenda amelala Mwislamu au Mlutheri. Naye ajuliwe hali, aombwe ruhusa, na akitaka utulivu, wimbo usubiri na mtu akae naye tu. Nauli ya daladala ya vijana itoke mfuko wa kwaya. Kwaya inayochangisha sare haishindwi nauli.

Na si lazima kuanzia Nunge, Kigamboni, au Fungafunga, Morogoro, kwenye makao yanayojulikana. Wazee wetu wengi wanauguzwa nyumbani, chumba cha nyuma, na mkwe au mjukuu. Karibu kila kwaya ya parokia ina mwimbaji wake wa zamani aliyeacha kuja kwa sababu ya miguu au kiharusi. Bado anaijua besi ya nyimbo ambazo daftari lake lilishaliwa na mchwa. Mwenyekiti wa jumuiya anaijua nyumba yake.