Maji ya Bethlehemu na kibarua wa Mbinga

Somo letu Jumapili hii ni 2 Samweli 23:13-17.

Daudi yuko pangoni Adulamu, Wafilisti wamekalia Bethlehemu. Anatamani maji ya kisima cha kwao. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya kambi ya adui, wakachota. Walijua hatari yote na hakuna aliyewashurutisha. Lakini Daudi alikataa kunywa. Aliyaona maji yale kuwa damu yao, akayamimina mbele za Bwana.

Sasa tujisikilize sisi. Kibarua anapulizia dawa mibuni ya Mbinga, bomba mgongoni, hana barakoa wala glovu. Akiugua tunasema, "Alijua ni sumu." Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anaingia ziwani na mtumbwi wa tajiri, mwera unavuma, jaketi la kujiokolea hakuna. Asiporudi tunasema, "Alijua ziwa limechafuka." Kisha tunachanga rambirambi, na tajiri amekaa benchi la mbele.

Alijua, ndiyo. Ada ya mtoto inadaiwa na kazi nyingine hakuna, angefanyaje? Kujua hatari ni jambo moja; kukubali kwamba ukiumia ni shauri lako ni jingine kabisa. Huko Uingereza, mwaka 1891, kesi ya Smith dhidi ya Baker ilifika hadi Baraza la Malordi. Smith alitoboa mwamba kwenye ujenzi wa reli huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake. Alijua. Jiwe lilipomwangukia, mwajiri alidai kwamba mtu huyu aliridhia mwenyewe. Majaji walio wengi walikataa: kubaki kazini si kumsamehe mwajiri uzembe wake.

Sheria zetu zimekwenda mbali zaidi. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumkinga mfanyakazi. Ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haimlazimishi majeruhi kuthibitisha kosa la bosi. Mfuko unalipa, na mchango ni wa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Aliyefanya utovu mkubwa wa makusudi anaweza kunyimwa, ila hata hapo sheria inakumbuka aliyepata ulemavu mkubwa au aliyekufa akaacha wategemezi.

Msiniambie hayo ni ya mgodi wa makaa kule Ngaka. Waajiri wengi wa vibarua huku ni sisi, wenye ekari tatu za kahawa na mtumbwi mmoja. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba ajenge ukingo darini, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Haiulizi kama aliyeanguka aliuona ukingoni mwa dari. Najua wapo wanaovua glovu kwa sababu ya joto. Basi simama shambani, asimamishe kazi mpaka azivae.

Na mjane wa aliyefia kazini asiambiwe asubiri arobaini, kisha mavuno, kisha mwakani. Taarifa isiyofikishwa kwenye Mfuko ndani ya miezi 12 inapoteza haki yake. Katibu wa jumuiya anayeandika majina ya waliochanga rambirambi anaweza kumwandikia na barua hiyo.