Sabufa iondoke kwenye kona

Ugomvi wa sabufa katika vyumba vya kupanga vya Kawempe, jijini Kampala, una mtindo wake. Mlalamikaji anataka sauti ipunguzwe, mwenye muziki anaapa kwamba hajaipandisha, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Aliyeketi mbele ya kompyuta yake anasikia mdundo wa wastani tu. Aliyelala upande wa pili wa ukuta anahisi kitanda kikitetemeka. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, akiitwa kusuluhisha, anauliza kitufe cha sauti kimefika wapi, maana ndicho kinachoonekana. Ninaona swali la kwanza lingepaswa kuwa sabufa yenyewe imekaa wapi. Kwa mtu anayetumia kompyuta chumbani mwake, mahali pake ni mbele na karibu naye, uvunguni au kando ya meza, mbali na kona na mbali na ukuta anaochangia na jirani. Ikikaa hapo, mwenyewe atasikia vizuri zaidi na kelele kwa jirani zitapungua, na hakuna atakayetoa hata shilingi.

Itazame nyumba yenyewe kwanza. Kutoka Bwaise na Kalerwe hadi Kanyanya na Mpererwe, wapangaji wengi wanaishi katika mizigo, vyumba vilivyojengwa kwa safu chini ya paa moja la bati, mlango kwa mlango, ukuta mmoja wa tofali ukizitenga familia mbili. Pasipo na dari, ukuta huo wa kati aghalabu haufiki kwenye bati, na kwenye mwanya uliobaki hata mazungumzo ya kawaida hupita, sembuse besi. Ndani ya mita 3 kwa 3.6 hivi, ambazo fundi angeziita futi 10 kwa 12, kuna kitanda na pazia lake, kabati la vyombo, sigiri iliyoegeshwa karibu na mlango, na meza ya kompyuta ambayo ndiyo televisheni, ndiyo redio, na kwa vijana wanaotengeneza midundo ndiyo studio. Sabufa inatafutiwa nafasi mwisho kabisa. Inasukumwa konani kwa sababu kona haipitwi na miguu ya watu, na kwa sababu wauzaji hupenda kusema kwamba kwenye kona inapiga zaidi. Hawadanganyi. Inapiga zaidi kweli, na tabu inaanzia hapo hapo.

Besi ina mawimbi marefu. Mlio wa hezi 50, ule unaousikia tumboni kabla ya masikioni, una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko chumba kizima. Wimbi la namna hiyo halielekezwi kwa kugeuza uso wa sabufa huku au kule. Linatanda pande zote na kugonga kila ukuta. Sakafu au ukuta ulio karibu na sabufa hurudisha chumbani nguvu ambayo ingekwenda upande huo, na kila uso wa namna hiyo unaweza kuongeza hadi desibeli 6. Kona ina nyuso tatu: sakafu na kuta mbili. Bahati mbaya nyongeza hiyo haiendi sawa kwa milio yote. Chumba chenye kuta ngumu zinazotazamana kina milio yake teule, ambayo wimbi likienda na kurudi linajikuta linajijumlisha na lenyewe: kwa urefu wa mita 3.6 ni karibu hezi 48, na kwa upana wa mita 3 ni karibu hezi 57. Hakuna mahali panapoiamsha milio hii kwa nguvu kama konani. Ndipo unapopata ule mvumo mmoja usiobadilika, gitaa la besi, ngoma na mngurumo wa lori la kwenye filamu vyote vikitoa sauti ileile. Watu huusifu kuwa ni uzito, ingawa ukisikiliza kwa makini, wimbo umepoteza noti zake.

Milio hiyo pia haina nguvu sawa kila mahali chumbani. Inakuwa mikubwa kabisa ukutani na midogo kabisa katikati ya chumba. Mtu aliyevuta kiti chake hadi katikati ameketi mahali ambapo hezi 48 za chumba chake zinakaribia kutoweka. Anaona besi haitoshi, anaongeza. Wakati huohuo ukuta unapokea msukumo wote, na upande wa pili wa ukuta huo kichwa cha kitanda cha jirani kimeuegemea, nako kwake besi inajikusanya ukutani kwa kanuni ileile. Kwa hiyo mwenye muziki anayesema mdundo ni wa wastani na mlalamikaji anayesema nyumba inatetemeka wanaweza kuwa mashahidi waaminifu wote wawili. Kumwambia mmoja wao mwongo hakutibu kitu.

Sasa isogeze sabufa ije uvunguni mwa meza, mita 1 kutoka masikioni badala ya mita 3. Mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu, sauti hupanda kwa desibeli 6, hivyo kutoka mita 3 hadi mita 1 ni zaidi ya desibeli 9. Ndani ya chumba faida hiyo hupungua, kwa kuwa kuta zinarudisha sauti. Tuseme zimebaki 6 tu. Hizo 6 zinatosha kuendesha sabufa kwa robo ya nguvu ya awali na kusikia kilekile ulichokuwa ukisikia. Jirani naye hajasogea kutoka alipokuwa, na kwake upungufu huo unafika wote. Juu ya hapo kona imeacha kuchochea milio ya chumba. Sijui njia nyingine ya kupunguza kelele ambayo mpigaji muziki mwenyewe angeifurahia.

Ipo pia sababu inayoihusu seti ya kompyuta peke yake. Ushauri kwamba sabufa iwekwe popote pale ulitoka kwenye mitambo mikubwa ya sinema za nyumbani, ambako kiwango cha THX kinaikabidhi sabufa milio iliyo chini ya hezi 80, milio ambayo sikio halitambui vyema inatoka upande gani. Spika ndogo za kompyuta, zenye koni ya inchi 2 au 3, haziwezi kushuka hadi huko. Kwa hiyo sabufa yake hubebeshwa kila kitu chini ya hezi 150, wakati mwingine hata 200, na sauti ya mwanamume akizungumza huanzia karibu hezi 100. Chukua filamu iliyotafsiriwa kwa Kiluganda na mtu kama VJ Jingo, ambaye sauti yake ndiyo nusu ya starehe: sabufa ikiwa konani nyuma ya kabati, maneno yatatoka mezani na kifua cha sauti kitatoka nyuma ya vyombo. Mtazamaji hatajua kilichoharibika. Atalalamika tu kwamba haelewi VJ anasema nini, na ataongeza sauti. Sabufa ikiwa chini ya meza, mbele, kwenye mstari mmoja na spika zake, VJ anarudi kuwa mtu mmoja.

Wapo watakaosema hili lina sheria yake, tusilihamishie kwenye fanicha. Sheria ipo kweli. Kanuni za Uganda za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku katika makazi, na 55 mchana na 45 usiku katika makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, usiku ukihesabiwa kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Tatizo liko kwenye kipimo. Desibeli hizo zimepimwa kwa mizani A, inayoiga sikio la binadamu kwa kupunguza milio ya chini kabla ya kuihesabu. Mlio wa hezi 50 hupunguziwa desibeli 30. Maana yake, besi ya hezi 50 yenye desibeli 65 itasomeka kwenye mashine kama 35, na ofisa wa mamlaka ya mazingira, NEMA, atakuwa na haki ya kufunga kitabu chake na kuondoka. Ilhali sikio huanza kuusikia mlio huo tangu desibeli 44 hivi, kwa hiyo anayejaribu kulala anausikia barabara. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 nazo zinatumia mizani hiyohiyo. Siwalaumu walioziandika, maana kwa honi, mashine za kusaga na vipaza sauti mizani A inafaa. Kwa sabufa ya chumba cha pili, sheria hii ni nusu kiziwi, na anayengoja imwokoe atangoja sana.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wenye sabufa: kona ni besi ya bure, na mwenye seti ndogo hana budi kuitumia, la sivyo atalazimisha amplifaya mpaka ichane sauti. Hilo ni kweli kwa ukumbi. Kwenye kibanda cha video, ambako watazamaji wameketi kwenye mabenchi kutoka mbele hadi nyuma, sabufa haiwezi kuwa karibu na kila mtu, na kuwagawia wote besi iliyo sawa ni kazi nyingine kabisa. Todd Welti wa kampuni ya Harman aliishughulikia katika utafiti alioutoa mwaka 2002, akaona kwamba hata sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana zinawahudumia vizuri watu waliotawanyika. Kompyuta ina kiti kimoja. Mwenye kiti hicho akiisogeza sabufa karibu, anapata ile nguvu aliyokuwa akiikopa kwenye kona, bila mvumo wake, na amplifaya yake inapumua.

Mafundi wa kompyuta wana pingamizi lao, kwamba sabufa chini ya meza itaua diski. Halikutungwa. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa akipiga mayowe mbele ya safu ya diski, na grafu ikaonyesha zikichelewa kujibu papo hapo. Diski zisizo na sehemu inayozunguka hazina shida hiyo. Mwenye diski ya zamani aweke kompyuta juu ya meza au upande wa pili wa miguu yake, visigusane na sabufa, na chini ya sabufa atandike kipande cha sponji ya godoro au raba ya tairi. Kipande hicho kitazuia mtetemo usiingie kwenye sakafu ya saruji, ambayo mara nyingi inaendelea chini ya safu nzima. Hakizuii besi inayopita hewani, na hiyo ndiyo nyingi, kwa hiyo mtu asidhani amemaliza kazi. Kwa wa Bwaise, ambako mvua kubwa humaanisha maji mlangoni, sponji peke yake haitoshi: kwanza tofali mbili au tatu, juu yake ubao, ndipo sponji. Kasha la sabufa hizi ni mbao za unga, na likinywa maji linavimba na kuachana kwenye maungio.

Na baa je, na makanisa yenye spika zinazotazama barabara, mbona hao hawaambiwi? Waambiwe. Lakini baa iliyo mita 50 kutoka kitandani na sabufa iliyo nyuma ya tofali moja si kelele za aina moja. Ile ya baa wapangaji wote wanaisikia, na wanaweza kuishtaki kwa pamoja. Hii ya ukutani inamwangukia mtu mmoja, usiku, na anayeisababisha ni mtu wanayetumia naye bomba moja la maji asubuhi. Kusubiri jiji zima linyamaze kabla ya kusogeza kasha la kilo chache ni kisingizio.

Anayedai hana nafasi aanze kwa kuitazama safu ilivyojengwa. Katika mizigo iliyopangwa bega kwa bega, kuta za kuchangia ni zile za ubavuni. Ukuta wa mbele wenye mlango na dirisha, na wa nyuma unaotazama uchochoro, si za jirani. Meza ikienda chini ya dirisha au ukuta wa nyuma, sabufa inaifuata, na kitanda kinaweza kuchukua ule ubavu uliokuwa umeachiwa meza. Chumba ambacho hakikubali hata hilo kina mpango wa pili: sabufa itoke kwenye kona hadi karibu na katikati ya ukuta, tundu lake la upepo liachiwe sentimita 10 au zaidi, kisha upigwe wimbo wenye besi inayotembea huku mtu akiisogeza kidogo kidogo mpaka noti zitengane. Nyuma au ubavuni mwa seti nyingi kuna kitufe cha besi peke yake, tofauti na cha sauti yote. Kikishuka robo mzunguko saa 4 usiku, filamu itaendelea kusikika vizuri mpaka mwisho.