VIFAA VIELEWANE, LAKINI NYANYA ASISAHAULIKE
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu sitaandika juu ya nidhamu wala usafi wa mazingira, maana hayo yameandikwa katika jarida hili mpaka wino ukakauka. Nataka kuzungumza juu ya taa, kufuli na mita ya stima. Usicheke, ngoja kwanza.

Baba mdogo ni fundi wa stima hapa Nakuru. Likizo ya Aprili nilienda naye kazini kumshikia ngazi. Tuliingia nyumba moja ya ghorofa ambayo mwenyewe alikuwa amenunua taa za kuwashwa kwa simu, soketi ya kuzimwa kwa simu na kufuli ya mlango ya kufunguliwa kwa simu. Kila kifaa kilitoka kwa mtengenezaji wake na kilitaka programu yake kwenye simu. Mwenye nyumba alitaka jambo dogo tu: akifungua mlango usiku, taa ya sebuleni iwake. Tulihangaika kuanzia saa nne hadi saa tisa na haikuwezekana. Baba mdogo akakaa kwenye ngazi akasema, "Hii nyumba ina wageni watatu na hakuna mkalimani."

Mkalimani huyo ndiye huitwa kiwango. Watengenezaji hukubaliana kwamba vifaa vyao vitatumia lugha moja, hata kama vimetoka viwanda tofauti. Ni kama chaja za simu. Tangu Desemba 28, 2024, Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja, USB-C. Kwa vifaa vya nyumbani, Amazon, Apple, Google na wenzao walitangaza mnamo Desemba 2019 kwamba wataunda lugha moja. Lugha hiyo leo inaitwa Matter, na toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Huwezi kuketi mezani ukatunga lugha ya vifaa hivi hivi tu. Lazima kwanza uulize: nani atakitumia, anataka nini, atafuata hatua gani, na mambo yakiharibika itakuwaje? Mhandisi wa Uswidi, Ivar Jacobson, ndiye aliyeeneza mtindo huu wa kuandika visa vya matumizi tangu miaka ya 1980. Kwa kweli ni insha fupi. Yule asiyekuwa ndani ya insha hatafikiriwa kifaa kinapotengenezwa.

Tazama mambo yalivyofuatana. Toleo la kwanza la Matter lilikuwa na taa, soketi, kufuli, mapazia na televisheni. Oktoba 2023 zikaongezwa friji, mashine za kuosha vyombo na vile vifagio vya umeme vinavyojiendesha vyenyewe sakafuni. Jamani, mimi sina kinyongo na kifagio. Lakini unaona wazi ni nyumba ya nani iliyokuwa akilini.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa. Ndani ya Matter kuna sehemu inayoiambia taa ifanye nini stima ikipotea halafu irudi: iwake, ibaki imezimwa, au iwe vile ilivyokuwa. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana, kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliyekaa akafikiria kuhusu kukatika kwa stima. Hali kadhalika vifaa hivi vinaweza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba bila kupitia kwanza kwenye kompyuta ya mtengenezaji ng'ambo. Kwa nyumba ambayo bando huisha tarehe kumi na tano, hilo si jambo dogo.

Kama unadhani viwango lazima vianzie kwa matajiri, tazama mita ya tokeni iliyo ukutani kwenu. Kiwango chake kinaitwa STS, na kilitungwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nyumba nyingi za watu maskini zilikuwa zinaunganishwa na umeme. Mita za kulipia kabla zilikuwepo, lakini kila mtengenezaji alikuwa na mtindo wake, na aliyenunua mita zake alikuwa amefungwa kwake. Isitoshe, nyumba zile hazikuwa na waya wa simu wa kupeleka habari hadi kwenye mita. Wakaamua kwamba mtu mwenyewe ataibeba habari hiyo kama tarakimu 20 na kuziingiza kwa kidole. Kisa kilikuwa cha mtu wa kawaida, na kiwango kikafuata kisa. Ndiyo maana leo mita za viwanda mbalimbali husoma tokeni za aina moja, hata hapa kwetu.

Lakini kisa kimoja kiliwekwa kando. Kila tokeni ya mita hizo ilibeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi waliyoitengea hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu. Gawanya mwenyewe: ni siku 11,650 na ushei, takriban miaka 32. Ziliisha Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilipaswa kubadilishwa, na hapa Kenya tulifanya hivyo kwa kuingiza tarakimu 20, halafu nyingine 20, ndipo tokeni yenyewe. Jumla 60, tena kwa mpangilio.

Nyanya yangu anaishi peke yake Subukia na macho yake yana mtoto wa jicho. Aliingiza zile za mwisho kwanza, mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Alikaa gizani usiku mbili kwa sababu aliona haya kumsumbua jirani. Nilipanda matatu mbili Jumamosi ile kwenda kumbonyezea. Kazi yenyewe ilichukua dakika nne. Nikiwa narudi nilijiuliza: je, mtunzi wa kiwango angekuwa na nyanya kama huyu kwenye insha yake, mita isingekuwa na sauti ya kusoma tarakimu?

Kumbuka kifaa cha Matter pia huingizwa kwa kupigwa picha na simu au kwa kuandika tarakimu 11. Ni afadhali kuliko 60, lakini bado kinadai simu nzuri na macho mazuri.

Watu watasema sisi ni watoto wa shule ya kutwa, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, huwaalika wananchi kutoa maoni juu ya rasimu za viwango. Chama chetu kina wanafunzi wanaoandika insha kila Jumatano. Naomba muhula ujao tuandike visa vya matumizi kumi kutoka nyumbani kwetu, kwa Kiswahili, na mwalimu mlezi atusaidie kuvituma. Changu nimeshakianza:

Mhusika: nyanya, yuko peke yake, haoni vizuri. Anachotaka: stima irudi kabla ya giza. Alicho nacho: simu ya kubonyeza, isiyo na intaneti. Hatua ya kwanza: anaigusa mita, nayo inamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, imebakiza yuniti ngapi. Hatua ya pili: tokeni inaingia yenyewe kwenye mita. Ikishindikana: mita inamwambia kosa ni lipi, na inampigia mjukuu.